Kusoma Maji Kabla ya Safari: Watoto Wadogo, Bamvua na Likizo ya Watamu

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza namna mzazi au mlezi anavyoweza kupanga likizo ya pwani kwa ajili ya watoto wadogo, likizo ambayo shabaha yake ni bahari yenyewe, mikoko, msitu na viumbe wake, wala si bwawa la kuogelea la hoteli. Huenda msomaji akajiuliza suala hili linaingiaje katika jarida la chama cha Kiswahili. Jibu langu ni kwamba nyenzo muhimu kuliko zote katika kupanga safari ya aina hiyo zimo ndani ya lugha hii tunayoisomea. Maneno kama kaskazi, kusi, bamvua, maji mafu, kupwa na kujaa tumeyakariri tangu shule ya msingi kama msamiati wa kujazia mapengo. Kumbe maneno hayo ni kalenda kamili, na asiyeisoma kalenda hiyo hujiona ana bahati mbaya anapofika ufuoni na kukuta maji yamejaa, ama anapokuta yamekwenda mbali asikoweza kuogelea.

Mfano nitakaoutumia ni Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 110 kaskazini mwa Mombasa. Nimeuchagua kwa sababu katika eneo dogo linaloweza kuzungukwa bila kuwachosha watoto kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, hori la Mida lenye mikoko, magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Vilevile nimeuchagua kwa kuwa ndiko nilikofanya kosa lililonifunza haya.

Kosa lenyewe

Tulifika Watamu siku moja baada ya mwezi mpevu. Mimi sikuwa na habari ya mwezi. Tarehe za safari nilizipanga kwa kufuata ratiba ya chuo na nauli. Asubuhi iliyofuata, mnamo saa nne, maji yalikuwa yamepwa mno hata vile visiwa vidogo vya jabali vilivyo mbele ya ufuo vikafikika kwa miguu. Tukavuka: dada yangu, mimi, mwanangu wa miaka minne na binti wa dada yangu wa miaka sita. Watoto walifurahi kupita kiasi. Katika vidimbwi vilivyoachwa na maji mlikuwamo samaki wadogo wa rangi, kaa, na kiti cha pweza mmoja mwekundu aliyetuweka pale zaidi ya nusu saa. Tukala chakula cha mchana kivulini mwa jabali, migongo yetu ikiwa imeelekea ufuo.

Yapata saa saba kasorobo akapita mzee mmoja wa mashua za kutembeza wageni, akielekea kwenye chombo chake. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu,” akaitika, kisha akaongeza bila kusimama, “Wapandisheni watoto hao. Leo bamvua, maji hayangoji.”

Neno hilo nilikuwa nimelifundisha darasani mara mbili. Maana yake niliijua jinsi ilivyo kwenye kamusi: maji makuu yajayo mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hata hivyo, sikuwahi kulisikia likitumiwa na mtu anayemaanisha jambo linalotokea hapo hapo. Tulipogeuka, njia tuliyoijia ilikuwa imekwisha kuzama. Tuliwabeba watoto mabegani tukavuka maji yakiwa juu ya magoti, nasi tulipofika mchangani na kutazama nyuma, maji yalikuwa yakipanda kwa kasi ambayo jicho liliweza kuiona. Hakuna aliyeumia. Lakini nilipoketi jioni ile na kupiga hesabu, ndipo nilipotetemeka.

Hesabu ya maji

Maji ya bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa siku moja na takriban dakika 50. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kiasi cha saa sita na ushei. Kwa sababu ya dakika hizo 50, kila siku maji huchelewa, na ndiyo maana saa iliyofaa leo haitafaa wiki ijayo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua huungana, na siku moja au mbili baadaye tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa kubwa kabisa. Hilo ndilo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupingana na tofauti ikawa ndogo, nayo maji yakaitwa maji mafu. Katika pwani ya Kenya, tofauti wakati wa bamvua kubwa hufikia karibu mita 4.

Jambo ambalo wengi wetu wa bara hatulijui ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kugawa tofauti hiyo katika sehemu kumi na mbili. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, na ya sita moja. Tuchukulie bamvua lenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 30 tu, na mzazi ataona bahari imelala. Lakini katika saa ya tatu pekee yatapanda sentimita 90, na saa ya nne sentimita 90 nyingine. Kimo cha mtoto wa miaka minne ni kama mita moja. Kwa maneno mengine, katika muda wa chakula cha mchana na maongezi kidogo, bahari hupanda kiasi cha kumfunika.

Sasa lipo jambo jingine lenye manufaa makubwa kwa mpangaji wa safari. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Hali hii haibadiliki mwezi hadi mwezi. Wazee wa pwani wanaohesabu mwezi mwandamo hawahitaji jedwali: akikwambia leo ni mwezi kumi na sita, amekwisha kukwambia pia kwamba asubuhi utapita kwa miguu na alasiri hutapita. Siku ya Idd-ul-Fitri, kwa kuwa ni mwezi mosi Shawwal, bamvua huwa linaingia. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa alasiri, bila ya kwenda mbali.

Kutokana na hayo, ushauri wangu kwa mwenye siku saba ni huu. Aanze safari yake siku ya mwezi kumi na tano au kumi na sita (au mwezi mosi au mwezi pili, ni mamoja). Siku tatu za mwanzo zitakuwa za bamvua, na asubuhi kati ya saa tatu na saa tano vipwa na vidimbwi vitakuwa wazi, wakati ambapo jua halijawa kali mno na watoto wangali na nguvu. Awe ameweka saa ya kurudi ufuoni kabla ya kuvuka, nayo isizidi saa moja baada ya maji kupwa kabisa. Kila siku kupwa kutasogea mbele, na kufikia siku ya sita au ya saba maji mafu yatakuwa yameingia. Hapo watoto wataoga asubuhi katika maji yaliyotulia, mikondo ikiwa dhaifu. Anayefika katikati ya maji mafu na kuondoka kabla ya bamvua hataona kidimbwi hata kimoja, kisha atarudi nyumbani akisema Watamu ni mchanga tu.

Pepo na muhula wa shule

Mwezi hutoa siku. Pepo hutoa majira. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Ni majira ya joto, bahari huwa shwari kwa kiasi kikubwa na maji huwa maangavu, hivyo matumbawe huonekana vyema kupitia boti zenye kioo chini. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ikiwa na nguvu zaidi. Mawimbi huwa makubwa nje ya mwamba, na safari za mashua hupungua. Mvua za masika huanguka mwanzoni mwa kusi, na pwani aghalabu huzidi mwezi wa Mei.

Ukilinganisha majira haya na kalenda ya shule za Kenya, utaona kwamba wizara haikumshauri nahodha yeyote. Likizo ya Aprili huangukia mlango wa masika. Likizo ya Agosti huangukia kusi. Likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo pekee inayoafikiana na bahari shwari, nayo ndiyo ambayo kila mtu huitaka, kwa hivyo bei hupanda na nafasi katika treni huadimika. Mwenye watoto ambao hawajaanza shule ana uhuru ambao hatakuwa nao tena kwa miaka mingi, aende Februari. Mwenye watoto wa shule asiidharau Agosti. Joto huwa la wastani, na kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi hupita mbele ya pwani yetu wakitoka bahari baridi za kusini kabisa mwa dunia. Sishauri kumpeleka mtoto wa miaka minne nje ya mwamba kwa mashua wakati wa kusi ili akawaone, lakini wa miaka minane mwenye koti la kuokolea maisha na nahodha mwangalifu, pengine.

Kidimbwi kimoja chatosha

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hii hutumiwa aghalabu kwa kejeli, yaani kumcheka mtu anayekiona kidogo kuwa kikubwa. Mimi naona kwamba kwa mzazi anayepanga safari inafaa kuchukuliwa bila kejeli. Kosa la kawaida la watu wazima ni kutaka kumwonyesha mtoto kila kitu: asubuhi matumbawe, mchana magofu, jioni msitu. Mtoto wa miaka minne hahitaji hayo. Kidimbwi chenye upana wa sinia kinamtosha asubuhi nzima, maadamu yupo mtu wa kumtajia majina.

Na majina yenyewe ni hazina. Kiumbe wa miguu mitano tuliyemwona jabalini huitwa kiti cha pweza, na mtoto akilisikia jina hilo huuliza papo hapo pweza mwenyewe amekwenda wapi. Jongoo bahari humfanya acheke. Kasa na ng'amba atawatofautisha kwa haraka kuliko wengi wetu. Katika hori la Mida atamwona sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye jina lake ni sawa na la kile chombo cha kuchimbia. Mwonyeshe mtoto vitu vyote viwili kisha umwache afikiri. Nimewasikia wazazi wengi, wakiwemo walimu wa Kiswahili, wakiwatajia watoto viumbe hawa kwa Kiingereza ufuoni, eti kwa sababu hawana hakika na jina la Kiswahili. Wanaolijua jina wako hatua ishirini kutoka pale, wakizibua mashua. Waulizwe.

Hata hivyo, kuna masharti. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuokota kombe, matumbawe wala kiumbe chochote, na sheria hii ina sababu zinazomhusu mtoto mwenyewe. Wako konokono wa baharini wenye gamba zuri lenye umbo la pia ambao wakiwa hai huchoma kwa sumu kali. Yuko samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Wako pia viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi kama sindano, ambao huvunjikia ndani ya nyayo. Kwa hivyo mtoto avae viatu vya raba vinavyoshika mguu, wala si ndara, na afunzwe mapema kwamba mikono hukaa nyuma na macho ndiyo yanayogusa. Akanyage mchanga au jabali tupu. Matumbawe ni wanyama hai wanaokua polepole mno. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na yale yaliyosalia hayastahili kumalizwa na soli za wageni.

Hori, magofu na msitu

Siku za bamvua, maji yanapojaa alasiri na ufuo kuwa mwembamba, ndio wakati wa kwenda Mida. Mashua na mitumbwi huweza kuingia katikati ya mikoko maji yakiwa juu. Ipo pia njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya matope kupitia mikokoni, na watoto huipenda kwa kuwa inayumba; mdogo ashikwe mkono. Wavuvi wa huko hawasemi mikoko tu: wataje mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, mkandaa, mlilana, muia, na kila mti una kazi yake. Ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huwapo takriban kuanzia Septemba hadi Aprili. Maji yakiwa yamepwa kabisa ndege hao hutawanyika mbali matopeni. Yanapoanza kujaa husukumwa karibu na mtazamaji.

Magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, yana miti mikubwa na kivuli, na watoto huvutiwa zaidi na kima kuliko na msikiti. Wasiachiwe kushika chakula mkononi. Penye magofu hayo kuna mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Mtoto aliyeona kiwavi, pupa na kipepeo siku moja hana haja ya kuelezwa kwa nini msitu usikatwe.

Msitu wenyewe, Arabuko-Sokoke, una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na ndio mkubwa kabisa kati ya misitu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Waingie alfajiri na mwelekezi, kwa saa mbili tu. Huenda wakamwona sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu akichakura majani makavu kwa pua yake ndefu, huenda wasimwone. Wamo ndovu pia, na hiyo ni sababu tosha ya kutoingia bila mwelekezi.

Kuhusu kasa, lipo shirika la Local Ocean Conservation lililoanza Watamu mwaka 1997, linalotibu kasa walioumia na kulinda mayai ufuoni. Mayai hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili. Familia ikibahatika kuwa Watamu wakati vifaranga wanapotoka, tochi na simu zizimwe, na vifaranga wasibebwe kupelekwa majini. Waachwe watembee wenyewe.

Mambo madogo yanayoharibu safari kubwa

Treni ya Nairobi hadi Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huchukua kiasi cha saa tano, nayo ni nafuu kwa mtoto kuliko basi la usiku kwa sababu anaweza kutembea na kwenda haja. Lakini kituo kiko Miritini, na kutoka hapo hadi Watamu zimebaki saa mbili au zaidi, kutegemea msongamano wa Mombasa. Ni heri kufika mapema kuliko kuingia Watamu usiku na watoto wanaolia.

Pwani ina malaria. Watoto wa Nairobi na wa nyanda za juu hawana kinga ya mwili dhidi yake, hivyo daktari aonwe kabla ya safari, na chandarua kiulizwe wakati wa kulipia chumba. Homa yoyote baada ya kurejea nyumbani, hata wiki kadhaa baadaye, daktari aambiwe kwamba mtoto alikuwa pwani. Jua la kati ya saa tano na saa tisa ni la kulala. Leso mbili, kofia na fulana ya mikono mirefu vinashinda mafuta ya kujipaka ambayo watoto huyaosha baharini.

Ada za hifadhi hulipwa kwa njia ya kielektroniki, kwa hivyo aliyezoea kulipa pesa taslimu langoni ajiandae. Tena, tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki zinazotumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, fuo na misitu iliyolindwa: chupa za maji za dukani, mirija, sahani na vijiko vya kutupa. Mzazi abebe chupa za chuma, na maji yakiisha njiani, dafu halihitaji chupa.

Mwaka uliofuata tulirudi, safari hii mwezi kumi na sita. Yule mzee tulimkuta ufuoni akizibua mashua, naye akatuuliza kwanza tumekuja kwa siku ngapi. Nilipomwambia saba, akahesabu kwa vidole. “Basi mtapata bamvua na maji mafu,” akasema, kisha akamwonyesha mwanangu mstari wa mwani mkavu juu mchangani, pale maji yalipofika alasiri ya jana, na kumwambia kwamba mkeka wa chakula hutandikwa juu ya mstari ule. Tuliutandika juu ya mstari.